Vistari vya Bwana Lennox

Watu wa aina ya Lennox nawajua. Miaka miwili ng'ambo, akarudi Mombasa hajui tena kuamkia wakubwa. Mwaka wa 1999 aliletwa ofisini kwetu Mbaraki, kwa Mzee Jamaldin, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Akaandika programu ya kuhifadhi hati za meli kwa lugha iitwayo Haskell, akatutangazia kwamba programu ya lugha hiyo, kompyuta ikishaikubali, haikosei. Ati haikosei! Debe tupu haliachi kuvuma.

Mimi Dzoro ni tarishi tu, lakini masikio ninayo. Nilimsikia Nyevu, karani wetu wa hati, akimweleza kwa adabu: "Kaka Lennox, hii umeiandikia nyumbani kwako, hapo Buxton, kwenye Windows. Kule folda hutengwa kwa kistari kinacholalia nyuma. Mashine yetu ni ya Unix, yataka kinacholalia mbele. Usikiandike kwa mkono. Weka majina ya folda kwenye orodha, kisha programu iangalie iko mashine gani, ndipo itie kistari."

"Dada, wewe piga chapa," Lennox akamjibu, akicheka. Kumbe lugha yake ilikuwa ikiiona njia ya faili kuwa maneno tu. Utie kistari utakacho, yenyewe hukubali.

Ijumaa asubuhi forodha wakataka hati za Machi. Folda zikafunguliwa, hamna hati hata moja. Hayawani yule akasimama mbele ya makarani wote: "Programu yangu haikosei. Huyu Nyevu amelipwa azifute!" Mzee Jamaldin akampa Nyevu mpaka adhuhuri: azilete, au aitiwe polisi. Wallahi, mkono uliniwasha nimzabe kofi Lennox.

Nyevu akaketi kitini pake. Akaiagiza mashine imwonyeshe kila faili, hata zilizo nje ya folda. Zikatoka zote, mia tatu na zaidi, zimerundikana mahali pamoja kwa majina marefu ya ajabu: mwezi, meli na namba vimeshikana, na vistari vya nyuma katikati kama herufi nyingine yoyote. Mashine haikuona folda pale, iliona jina moja refu. Mungu si Athumani!

Lennox akamsukuma Nyevu kando, akajitupa kwenye kiti chake kuhakikisha. Jasho likamtoka.

"Mzee, kitaalamu, mashine hii..."

"Sikukuuliza mashine," Mzee Jamaldin akamkata. "Umemwita mtoto wa watu mla rushwa."

"Samahani, Nyevu," Lennox akanong'ona.

"Wale nao wasikie," Nyevu akasema, akiwaonyesha makarani.

Lennox akarudia kwa sauti, macho sakafuni.

"Nimekusamehe," Nyevu akamwambia. "Haya, inuka kitini pangu, niirekebishe programu yako."