Siku Isiyo na Kipimo

Mtaani walimwita Matone, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima mvua, na kwa miaka thelathini na moja hakuruka hata siku moja. Alipougua homa alijikokota hadi uani. Siku ya kumzika mkewe alipima kwanza, ndipo akaenda makaburini. Watu walimsema.

Zamani alikuwa na daftari. Umeme ukatike, mbingu zipasuke, daftari lilifunguka. Kisha wakubwa wakaleta mashine ya kuandikia na kutuma vipimo, wakayabeba madaftari yote, wakasema karatasi haitambuliwi tena. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na bosi.

Kumbukumbu zote za mashine zilikaa kwenye kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Umeme ukikatika ghafla, mashine ikiwaka tena haikujiamini: iliikagua kadi nzima, faili kwa faili, isije ikawa kuna kilichoandikwa nusu. Mwaka uliopita Matone alichoka kungoja, akaichomoa mashine katikati ya ukaguzi. Vipimo vya siku kumi na tisa vikafutika kwenye kadi; bahati vilikuwa vimeshatumwa makao makuu.

Sasa mvua ilikuwa imekesha ikinyesha, na umeme umekatika mara tatu. Saa tatu kamili asubuhi alisoma kipimo: milimita arobaini na mbili. Akaingia ndani, nguo zikimchuruzika. Kioo cha mashine kilionyesha: Inakagua, asilimia sita. Na makao makuu hufunga kupokea vipimo saa nne.

"Haya, mama, amka," akaiambia mashine. Tangu abaki peke yake, hakuna aliyesemeshwa zaidi ya mashine hiyo ndani ya nyumba ile.

Saa nne kasorobo, asilimia thelathini na moja. Akampigia simu karani wa makao makuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Mashine yenu imelala kama mlinzi wa ghala."

Karani akacheka. "Umeme tena? Usiichomoe, tafadhali!"

"Nishaumwa na nyoka, sichezei ung'ongo. Niandikie wewe: arobaini na mbili."

"Siwezi. Huku nina vitufe viwili tu: sifuri, au hakuna kipimo. Nikuwekee sifuri, usije ukavunja miaka yako yote ile?"

"Sifuri ni kusema haikunyesha."

"Siku moja tu, babu. Nani atajua?"

Matone akatazama uani, maji yamefika ngazi ya pili. Miaka yote hiyo alidhani yupo mtu mahali fulani anayezisoma namba zake.

"Weka hakuna."

"Una hakika?"

"Weka, binti yangu."

Akasikia kitufe kikibonyezwa, kisha simu ikakatika.

Ukaguzi ulikwisha saa saba mchana. Kioo kikamjulisha kwamba hakuna kilichopotea, kikamtaka abonyeze Sawa ili aendelee. Matone alikaa mbele yake, mikono mapajani, asibonyeze kitu.