Karamu ya Mringaringa

Nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na mkunga akaniuliza nimekosewa nini. Basi anayetaka habari ya upole na asiendelee kusoma, maana hata leo nikilikumbuka lile jambo la kanisani kwetu natamani kumshika mtu koo.

Ingia sebule yoyote ya Mmeru, kuanzia Kikwe hadi huko juu kwenye ukungu, utaikuta ile Karamu ya Mwisho ya yule mchoraji wa Kiitaliano. Ipo kwenye zulia la ukutani, ipo kwenye saa, ipo kwenye kalenda, ipo hata kwenye trei ya kuletea chai. Sina ugomvi nayo. Nafundisha sanaa katika shule moja ya sekondari kule Themi, na kila mwaka nasimama mbele ya darasa nikieleza jinsi mikono ya wale wanafunzi wa Yesu inavyoongea, jinsi habari ya usaliti inavyoipita meza nzima kabla mtu hajafungua mdomo. Naipenda kazi ile kwa moyo wangu wote. Lakini jamani, naipenda ikiwa kwao.

Kwetu tulikuwa na yetu. Baba yangu aliichonga nikiwa bado mchanga, kwenye ubao mmoja wa mringaringa, mti uliokuwa umesimama shambani kwa babu, kati ya migomba na kahawa. Mti ulipoangushwa na upepo, baba alikataa kuupasua uwe vitanda. Akauchonga karamu. Ubao ulikuwa mrefu kuliko mlango, na ulitundikwa nyuma ya madhabahu. Mezani hapakuwa na mkate wa Wayahudi, palikuwa na ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mitume wamevaa makoti mazito kama wazee wa usharika siku ya baridi. Na pembeni alikuwapo mtu ambaye Mtaliano hakumweka: mwanamke ameinama, ameshika mwiko. Watu walimwuliza baba huyu katoka wapi, mbona kwenye Biblia hayupo. Akawajibu, "Sasa nyie mnadhani chakula kilijipika?" Akina mama walicheka mpaka mchungaji akagonga mimbari.

Kwa ubao ule ndiko nilikojifunza kutazama. Mahubiri yalikuwa marefu, nami nilikuwa nahesabu vidole vya mitume. Yote ninayowaambia wanafunzi wangu kuhusu kivuli na uso niliyaona kwanza pale, kabla sijajua kama kuna nchi inaitwa Italia.

Halafu ikaja kamati ya ujenzi. Kanisa lilikuwa linatiwa vigae na madirisha ya alumini, vizuri, nani anakataa vigae? Ila mwenyekiti akasimama akasema ubao umeanza kuliwa na wadudu, haufanani tena na kanisa la kisasa, utatolewa, na mahali pake itawekwa Karamu "yenyewe." Yenyewe! Wakaleta bango la plastiki lililochapishwa mjini, linang'aa kama sufuria mpya, Yesu wa Mtaliano amevutwa upande mmoja mpaka mashavu yamekuwa mapana. Chini pembeni pana jina la duka lililochapisha pamoja na namba ya simu. Hebu fikiri. Mwenye mashine ana jina lake nyuma ya madhabahu, na baba yangu, kwa miaka yote ile, hakuwahi kuandikwa hata herufi moja.

Nikamfuata mwenyekiti. Nikamweleza kwamba hiyo kazi ya Mtaliano ilianza kubanduka ukutani mwenyewe akiwa bado hai, na mpaka leo wataalamu wanaihudumia kama mgonjwa, watu wanaingia kuiona kwa zamu. Hakuna aliyesema imeliwa, itupeni. Nikamwambia hata kule watawa waliwahi kutoboa mlango kwenye ukuta ule ule wakamkata Yesu miguu, kwa hiyo kamati za ujenzi zipo kote duniani. Hakucheka. Akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, lakini hili ni la usharika." Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Hao wahenga hawakuwahi kukaa na kamati.

Ikaamuliwa ubao uende mnadani.

Mnada wetu ni wa kila Jumapili, nje ya kanisa baada ya ibada. Asiye na fedha huleta sadaka ya alichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo, dumu la maziwa. Mzee wa kanisa anakinyanyua, watu wanapanda bei, mapato ni ya Bwana. Na kuna desturi moja tunayoipenda sana: anayeshinda mara nyingi hachukui. Analipa, halafu anapaza sauti, "Narudisha!" na kitu kinanadiwa tena. Hapo makofi, vigelegele, jina lako linakaa midomoni mwa watu wiki nzima. Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mpaka ndizi zikaanza kuiva. Anayenunua mara ya kwanza akaondoka na jogoo wake kwapani, watu hawamsemi, wanamtazama tu.

Sisi wa familia tulijipanga kuukomboa. Baba mdogo, mwenye duka la vipuri Ngarenaro, alikuja na kila alichoweza kukusanya. Nilimwambia asubuhi ile, na njiani nikamkumbusha: ukishinda, tunabeba, tunaondoka. Akaniambia, "We mtoto, mimi si mtoto."

Kweli alishinda. Alipambana na bwana mmoja mgeni, mfanyabiashara wa vinyago kutoka mjini, aliyekuja na pikapu. Aliyemwita simjui hadi leo, na heri nisimjue. Mzee wa mnada akaita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ni wa baba mdogo! Watu wakalipuka kwa makofi. Akina mama wakamzunguka wakiimba, mchungaji akampa mkono. Na hapo, mbele ya ule umati, mdomo wa baba mdogo ukafanya ulichozoea kufanya maisha yake yote.

"Narudisha kwa Bwana!"

Mungu wangu! Nilimwona alivyojishika kinywa. Alikuwa ameshalipa, mfuko umekauka, na mnada umeanza upya. Nikapiga kelele kwamba amekosea. Mchungaji akanijibu kwa upole, "Mwalimu, kikishatolewa hakirudi nyuma." Nikataka kujibu, na ningejibu vibaya, lakini baba mwenyewe, mchongaji, akaniita kwa Kimeru kutoka kwenye benchi la wazee, akaniambia nisimwaibishe ndugu yake. Ubao ukaenda kwa mwenye pikapu bila ushindani. Wakamwombea safari njema.

Nilimfuata kwenye gari lake. Nikamwuliza, "Kaka, unamjua aliyechonga hii?"

"Ni kazi ya wazee wa zamani, dada. Inaonekana."

"Yuko hai. Yule pale, mwenye koti la kahawia."

Badala ya kufurahi akasononeka, akashusha sauti. "Tafadhali, hilo tuliache hapa hapa. Wageni wanaonunua kwangu wakiuliza, nawaambia wachongaji walishakufa siku nyingi. Ya mtu aliye hai wanaiona ni bidhaa tu."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, maana wanafunzi wangu wanajua kusoma. Huyo Mtaliano tunaambiwa alikula nini, alichelewa vipi kumaliza kazi, aligombana na nani. Na baba yangu, mwenye pumzi, anayenywa chai yake na kulalamika goti, anatakiwa afe kwanza ndipo kazi yake iwe kazi!

Baba alikuwa amekuja nyuma yangu na magunia mawili. Hakunitazama. Akayatandika ndani ya pikapu, akawaelekeza vijana waulaze ubao chali, nyuso zisiguse chuma. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Kijana wangu, unaipeleka mahali gani mjini? Huwa naitia mafuta ya nyonyo kila mwaka kabla ya Pasaka, wadudu wasiingie ndani zaidi. Nitakuja na dumu langu mwenyewe. Sitakusumbua."

Yule bwana alinitazama mimi kwanza, halafu akamtazama baba.

"Usije, mzee," akasema.

"Haya," baba akajibu, akaendelea kukaza kamba.