Ndege Iliyokataa Kuwa Sufuria

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaizunguka ndege yetu pale uwanjani Homa Bay, akiigonga mbavu kwa kidole kama mtu anayechagua fahali soko la Ogwedhi. Aliniambia bila haya kwamba alumini yake ingetoa sufuria za kutosha soko zima. Nikamwonyesha lango. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa ile ndege ndogo, na ukitaka kuniudhi, dharau kazi yangu.

Shida ni kwamba mzee mwenye ndege alikuwa amekata tamaa. Chini ya kiti cha nyuma sakafu ilikuwa imetoka unga mweupe. Niliupiga msasa, nikapaka rangi, na kesho yake rangi ilikuwa imebanduka na weupe umerudi. Kila mtu alisema ni unyevu wa ziwa. Ziwa gani! Kutu ya unyevu naijua, huja polepole kama mgeni mwenye adabu. Hii ilikuwa na pupa.

"Msichana wangu, tumeshindwa," mzee akaniambia. "Wacha tu huyo jamaa wa skrapu achukue wiki ijayo."

"Mzee, nipe hiyo wiki," nikamjibu. Nilikuwa na hasira.

Nikalala kifudifudi ndani ya ndege na tochi, nikautazama ule weupe kwa karibu. Haukuwa unga. Zilikuwa nywele nyembamba zilizosimama wima, na zilikuwa zinaota nikiziangalia. Nywele hizo nilikuwa nimeziona utotoni, jikoni kwetu Masara.

Mama yangu alisafisha dhahabu kwa zebaki miaka mingi, na nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja: zebaki hukaa kwenye beseni la plastiki, haigusi sufuria, maana hula alumini. Mjomba aliipuuza. Sufuria ya Mama ikaota nywele nyeupe, na haukupita muda kitako chake kikatoboka kwa kuguswa na kidole. Mama alimkimbiza mjomba na mwiko hadi barabarani.

Nikatoka ndani ya ndege mbio. "Mzee, nani alibeba zebaki humu?"

Akakuna kichwa. "Kuna mfanyabiashara wa dhahabu tulimtoa Migori. Chupa ilimvunjikia kwa begi. Lakini tulipanguza na kitambaa, tena vizuri sana!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wameisugua zebaki ndani ya alumini kwa mikono yao wenyewe, na mimi nikaongezea msasa.

Sasa nilijua ninapigana na nani. Nilivaa glavu na barakoa, nikafungua sakafu yote, nikayafyonza matone hata yaliyojificha kwenye maungio. Kila bati lililoguswa nililikata. Nikaweka mapya, nikapiga riveti mpaka mkono ukafa ganzi. Mkaguzi alikuja, akachungulia kila pembe, akatia sahihi. Nilipiga kigelegele peke yangu, na sikuona aibu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda Migori, kumchukua Mama, ambaye siku zote aliapa kwamba hatawahi kupanda ndege. Nilikuwa nimeshamsimulia kisa chote kwa simu. Alitusubiri uwanjani na gauni lake la kanisani. Alipofika mlangoni akasimama, akafungua mkoba wake na kuupindua mbele ya abiria wote. Vikaanguka leso, peremende na Biblia ndogo.

"Mimi sina zebaki," akatangaza. "Haya, mwingine!"

Abiria walicheka, kisha mmoja baada ya mwingine wakafungua mabegi yao. Mzee alicheka hadi akafuta machozi.

Tukapaa. Juu ya Masara Mama alichungulia dirishani, akayaona mashimo ya dhahabu alikoinama miaka yote ile. Halafu akakanyaga sakafu mpya kwa nguvu, mara mbili, kuijaribu.

"Nyara," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "sasa ile sufuria yangu imelipwa."