Kidonda cha Haboba

Juzi, katika duka la dawa kule mtaa wa Hai Amarat, nilimsikia mwanamume akiomba kapsuli za kumwagia kidonda. Nusura nimnyang'anye. Ungelelewa na bibi yangu pale mtaani Buluk, rafiki, ungenielewa.

Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, baada ya mkataba wa amani kumaliza vita. Haboba, ndivyo tulivyomwita bibi, alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, kikivuja maji tangu kambini. Alikificha kwa kitambaa. Jirani yetu alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda, basi Haboba akaapa hatakanyaga hospitali. Kila asubuhi alikimiminia unga wa kapsuli, ukaganda kama simenti, kisha akasimama kutwa akipika kisra, ile mikate myembamba ya mtama. Harufu ya unga uliochacha na ya kile kidonda, mpaka leo siwezi kuzitenganisha.

Nilikuwa na miaka kumi, na nimechoka. Nikaenda kumsemea kwa nesi Mkenya aliyepanga nyumba ya nyuma, aliyemjua hata yule jirani.

Nesi alimpima sukari, akapapasa mapigo ya damu mguuni. "Cha jirani kilikuwa cha sukari, Mama, na mguu ulishakufa ganzi. Chako ni cha mishipa. Damu inashindwa kupanda, mguu unavimba. Hakitaki kisu. Kinataka bandeji ya kukaza, na ukae miguu juu."

Haboba akashusha pumzi ndefu, kisha akakumbuka ukali wake. "Kukaa? Mimi iko na kazi. Nani itapika kisra? Wewe?"

Basi nikapika mimi, zikaungua. Nikachemsha maji ya chumvi, nikaosha, nikafunga kuanzia vidole hadi chini ya goti, kama nilivyofundishwa. Nikitoka shule namkuta amesimama, bandeji iko kwenye kamba ya nguo. "Malesh, samahani, ilileta joto." Jamani!

Kidonda kilichukua miezi, lakini kilifunga. Nesi akaleta soksi ya kukaza, ya kuvaa maisha yote. Wiki haikuisha, nikamkuta Haboba akichujia maji ya ukwaju kwa soksi ile. Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia kwa hasira.

Haboba alizikwa na miguu yake yote miwili. Nesi alirudi kwao. Ua wetu sasa ni ghala la maji ya chupa. Subira niliyoikosa siku zile ninayo sasa, tele, na sina wa kumpa.