Jumamosi za Truphena Kando ya Mto Mathare

Jumamosi ya kwanza Truphena alipojiunga na watu wanaojitolea kuokota taka kando ya Mto Mathare, alirudi kwake katika mtaa wa Ziwani bila kujaza gunia. Ya pili vilevile. Wenzake walizoa chupa, nepi, mitumba iliyooza na mifuko iliyong'ang'ania mizizi ya matete, wakaburura magunia yao hadi juu barabarani kwenye mkokoteni. Yeye alishika fimbo. Alichokoa rundo, akaligeuza, akainama kutazama kilicho chini yake, kisha akaliacha palepale na kukimbilia jingine. Muda wote alikuwa mbele ya kila mtu, upesi upesi, kama mtu aliyedondosha kitu njiani na jua linazama.

Kiongozi wa kundi lile alikuwa Qamar, mwanamke kijana mwenye duka la dawa Eastleigh. Yeye ndiye aliyewakusanya watu baada ya mafuriko ya mwezi wa nne, alipoona jinsi taka zilivyoziba chini ya daraja na kuyasukuma maji kwenye nyumba za watu. Jumamosi ya tatu alimfuata Truphena hadi kwenye kona ya mto.

"Auntie, usinielewe vibaya," alisema. "Wewe huokoti taka. Unatafuta nini?"

Truphena hakugeuka. Aliendelea kuchokoachokoa.

"Ndugu yangu," alisema.

Ndugu mwenyewe alikuwa Javan, kitinda mimba wao. Mama yao alipofariki Javan alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na Truphena ndiye aliyembeba. Baadaye alimtoa Webuye, akamleta Nairobi, akamtia kwenye ufundi wa kuchomelea vyuma. Javan alipoanza kujitegemea alipanga chumba cha mabati Mathare, chini kabisa karibu na maji, kwa sababu karakana aliyofanya kazi ilikuwa hapo juu tu. Usiku wa mafuriko aliamka maji yamefika magotini. Akatoka. Majirani walimwona ametoka, mzima kabisa, anawasaidia wengine kupandisha watoto juu. Kisha akakumbuka mashine ya kuchomelea ambayo mwenye karakana alikuwa amemwazima. "Narudi sasa hivi," alisema, akaingia ndani. Chumba kizima kikang'oka na kwenda naye.

Truphena alizunguka mochari zote za jiji. Alifunuliwa shuka baada ya shuka. Hakuna aliyekuwa Javan.

Tangu hapo hakujua kukaa. Alikuwa fundi wa sare za shule, na cherehani yake ilikuwa dirishani katika ile nyumba ya zamani ya kaunti ambayo baba yao, mfanyakazi wa reli, alipangishwa miaka mingi iliyopita. Zamani angeweza kushona tangu asubuhi hadi jioni bila kuinuka. Sasa alishona mshono mmoja, akasimama. Akachungulia nje. Akaketi. Akasimama tena. Sketi zisizo na pindo zilirundikana kitandani. Kanisani alitoka katikati ya mahubiri na kuzunguka jengo mpaka watu wakaanza kufikiri ana ugonjwa. Mchana, mkasi ukiwa bado mkononi, alijikuta amevuka Pumwani, amevuka Eastleigh, amesimama juu ya mto akitazama maji meusi yanavyopita na mizigo yake.

Kaka yao mkubwa, Wakoli, alipiga simu kutoka nyumbani Webuye.

"Truphena, wazee wamekaa. Wamesema tuzike mgomba."

Kwa Wabukusu, mtu akipotea na mwili wake usionekane, hukatwa shina la mgomba, likafunikwa shuka, likalazwa kaburini kwa niaba yake, ili aliyepotea apate pa kupumzika na waliobaki waache kumwota.

"Mgomba si ndugu yangu," alisema Truphena.

"Hakuna aliyesema ni ndugu yako."

"Basi ngojeni. Nitampata."

"Utampatia wapi? Mto hauna mlango ukabisha hodi."

Truphena alikata simu. Wiki hiyohiyo akasikia kwamba kuna watu wanaoshuka mtoni kila Jumamosi na kugeuza kila taka iliyo ukingoni. Akaenda.

Qamar aliyasikia hayo yote akiwa amesimama kwenye matope. Hakumpa pole wala hakumwambia akubali mapenzi ya Mungu. Alivua glavu zake nzito, akampa.

"Basi tutafute wote," alisema. "Ila ukishageuza rundo, litie kwenye gunia. Ukiliacha hapo, Jumamosi ijayo utaligeuza hilohilo."

Truphena aliona ni kweli. Siku hiyo alijaza magunia mpaka mabega yakamwuma.

Katika kundi lile kulikuwa na Awuor, mama mzee mwuza uji wa Mathare. Usiku uleule wa mafuriko mto ulimchukua mwanawe, Phares, kibarua wa mjengo, na yeye pia hajaonekana. Lakini Awuor hakukimbia huku na huku. Aliketi kwenye jiwe, akachambua chupa alizoletewa na wenzake, akiulizia habari za watoto wa huyu na mguu wa yule. Utulivu ule ulimchoma Truphena.

"Mama, wewe humtafuti?" alimwuliza siku moja, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Awuor aliinua uso. "Namtafuta, nyathina," alisema. Ndivyo Wajaluo wanavyosema mwanangu. "Macho yangu hayafiki mbali. Naokota ya hapa karibu."

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani na mto umepungua walipofika kwenye kona moja upande wa mtaa wa Huruma, ambako mzizi wa mti mkubwa ulikuwa umezuia taka na mchanga hadi vikawa kama ukuta. Wengine waliona kazi hiyo inahitaji sepetu, wakasema iachwe hadi Jumamosi nyingine. Truphena hakuweza kuacha. Alipiga magoti akachimba kwa mikono. Alitoa gunia, akatoa neti ya mbu, akatoa kipande cha zulia. Halafu akashika buti la mpira, akalivuta, likakataa. Akalivuta tena.

"Auntie, toka hapo!" Qamar alipaza sauti. "Toka!"

Buti halikuwa tupu.

Polisi walikuja mchana, wakachimba, wakatoa mifupa ya mtu iliyofungwafungwa na nguo zisizo na rangi tena. Mwanamume, walisema. Zaidi ya hapo hawakuweza kusema. Truphena alisimama nyuma ya kamba waliyoifunga, akijaribu kukumbuka kama Javan alikuwa na buti za mpira. Aliwapigia simu waliokuwa majirani wa Javan papo hapo. Mmoja alisema Javan alitoka pekupeku. Mwingine aliapa kwamba alikuwa na buti, alizisikia zikilia ndani ya maji. Alipogeuka akamwona Awuor upande wa pili wa kamba, mikono ameifumbata kifuani.

Wote wawili, pamoja na jamaa za wengine waliopotea, walitolewa mate kwa kipimo cha DNA. Wakaambiwa wasubiri.

Kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko kutafuta. Kutafuta kulikuwa na njia na fimbo. Sasa hakukuwa na pa kwenda. Truphena alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha cherehani kutoka dirishani hadi mlangoni, kesho yake akairudisha. Simu ikilia alishtuka, isipolia aliichukua kuangalia kama imezima. Akimkumbuka Javan alivyocheka alitaka mifupa ile isiwe yake. Dakika hiyohiyo alitaka iwe yake, ili aweze kuifunika. Aliomba sala zote mbili, akajua Mungu hawezi kumjibu zote.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Afisa alisoma jina lake kwanza, akamwambia pole, vipimo havilingani. Mifupa ile ilikuwa ya Phares.

Truphena alijua anapaswa kwenda kwa Awuor. Akaenda. Aliwakuta akina mama wameketi kwenye mikeka nje ya nyumba, wimbo wa kanisa unaendelea polepole. Awuor alimpokea kwa mikono miwili. Truphena alisema pole huku akitazama kando. Kilichomjaa kifuani hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu. Alimwonea wivu mama mzee kwa ajili ya mifupa ya mwanawe. Mikono yangu ndiyo iliyochimba, alijisemea, na wewe ndiye uliyepata. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, akasingizia kazi, akaondoka bila kuketi. Mazishi yalikuwa nyumbani kwao Awuor, Ugenya. Hakwenda. Jumamosi zilizofuata hakushuka mtoni, na Qamar alipopiga simu hakuipokea.

Ndipo siku moja asubuhi akasikia hodi. Alikuwa Awuor mwenyewe, ametembea kutoka Mathare hadi Ziwani, anatweta, viatu vimejaa vumbi.

"Sikuja kukulaumu," alisema kabla hajaketi. "Nipe maji kwanza."

Truphena alimpa maji. Alisimama karibu na cherehani, hajui aweke wapi mikono yake.

"Tumemzika," Awuor alisema. "Watu walikuwa wengi. Nilidhani tukishamfunika nitarudi nimetulia. Nilikuwa nikisema moyoni, Mungu, nipe tu nimwone." Aliweka kikombe chini. "Nimemwona. Sasa najiuliza mengine. Aliita nani? Maji yalimkuta amelala au ameamka? Alikaa pale kwenye mzizi siku ngapi mimi nikiuza uji? Hakuna kipimo cha hayo, nyathina."

"Mimi nilikuonea wivu, Mama," Truphena alisema. Neno lilimtoka kabla hajaliwaza.

"Niliona."

"Ulionaje?"

"Hukuketi. Mtu wa msibani huketi." Awuor alimtazama kwa upole. "Ningekuwa mimi ningekuwa vilevile. Lakini sikiliza. Unadhani mimi nilipewa usingizi wewe ukanyimwa. Hapana. Hata mimi silali. Tofauti ni kwamba nina mahali pa kupeleka maua, basi."

Truphena aliketi kwenye kiti cha cherehani. Walizungumza habari za Phares na za Javan hadi jua likapita kichwani: huyu alivyopenda kubishana juu ya mpira, yule alivyokataa kula mboga za kunde tangu utotoni. Awuor alipoondoka, Truphena alimsindikiza hadi Pumwani. Akiwa njiani kurudi alimpigia Wakoli.

"Kata mgomba," alisema. "Nakuja."

Mchungaji wa nyumbani alisita. Alisema hajui andiko la kuombea mti. Wakoli akamjibu kwamba hakuitwa kuombea mti, ameitwa kumwombea Javan, na kama hataki basi wao watajiombea. Mchungaji akaja. Akina mama walileta shuka jeupe, lakini Truphena alikuwa amebeba shati la Javan la Jumapili, la buluu, akasema ndugu yake hawezi kwenda kifua wazi. Walipolivalisha lile shina, mabega yalipwaya na vifungo havikukaa sawa. Mtu mmoja akasema liachwe tu, litafunikwa. Truphena akakataa. Alitoa sindano na uzi kwenye mkoba, akapiga magoti uani mbele ya watu wote, akapunguza shati kwapani, akasogeza vifungo kimoja kimoja, majimaji ya mgomba yakimchafua vidole. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, na hakuacha kushona.

Aliporudi Nairobi alimaliza sketi zote zilizokuwa kitandani. Asingeweza kusema ametulia. Miguu bado ilimwasha, na kanisani bado alikaa karibu na mlango. Lakini Jumamosi alishuka mtoni, akaomba radhi kwa Qamar, akaokota. Aligundua kwamba ameanza kuona vitu alivyokuwa akivipita: kwamba nepi nyingi hutupwa kutoka ghorofa moja ileile, kwamba maji hunuka zaidi upande wa karakana. Alipanda kwenye ghorofa ile akagombana na akina mama watatu, mmoja akamfungia mlango usoni, wawili wakakubali kupewa gunia.

Kisha mvua za vuli zikaanza. Mwanzoni zilikuwa manyunyu, halafu zikanyesha asubuhi hadi jioni. Truphena alishindwa kushona. Alisikiliza mabati, akasimama, akaketi, akasimama. Mwisho akavaa koti na buti, akatoka, akaenda kwa mwendo wake ule wa zamani hadi Mathare. Maji yalikuwa bado chini ya ukingo, lakini yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Awuor alikuwa kwake, hatua chache kutoka mtoni, anawasha jiko.

"Mama, twende Ziwani."

"Hata hayajapanda," Awuor alisema. "Nataka kupika uji wa watu. Niende nikakae kwako nikifanya nini?"

"Utaupika kwangu."

"Na wateja wangu?"

Truphena aliingia ndani, akakunja godoro la Awuor, akalifunga kwa leso, akalitia ndani ya magunia mawili ya taka yasiyotumika ili lisilowe. Akaliinua kichwani.

"Wewe mwanamke!" Awuor alipiga kelele. "Unabeba godoro langu unapeleka wapi?"

"Nifuate uone," alisema Truphena, naye alikuwa tayari anapanda kilima. Aliposikia nyuma yake sufuria zikigongana na Awuor akilalamika kwa Kijaluo, aliongeza mwendo.