Magitaa Mawili ya Mzee Solo

Vijana wa kiwanda cha mbao walidhani Solo ni jina la baba yake. Walimkuta akiitwa hivyo, nao wakamwita hivyo, wakaongeza Mzee mbele kwa adabu. Ni wachache waliojua kwamba katika ujana wake alipiga gitaa la solo kwenye bendi, na kwamba alipopanda juu na ule uzi mwembamba, watu waliacha kucheza wakabaki kumtazama vidole. Kisha watoto wakaja, karo ikaja nyuma yao, gitaa likauzwa, na Solo akashika msumeno. Akaushika miaka ishirini na saba.

Msumeno wenyewe ulikuwa wa mashine, ule wa kupasulia magogo, na kelele zake zilifika hadi barabara kuu. Msimamizi aligawa vizibo vya masikio kwa kila mtu. Solo vyake alivitia mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuusikiliza msumeno: alisimama kando, akainamisha kichwa, na kwa mlio tu alijua kama meno yameanza kuwa butu au kama gogo lina fundo ndani, kabla mashine haijakwama. Sasa mtu wa namna hiyo ajizibe masikio? Alivimba kichwa, na ni nani asingevimba. Msimamizi alimwonya mara mbili tatu, halafu akachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka huu alistaafu. Haukupita mwezi, mpiga besi wa bendi yao ya zamani akampigia simu. Alikuwa amewakusanya waliobaki, na wamepata ukumbi wa kupiga kila Jumamosi mchana. Pengo lilikuwa moja tu, la solo. Aje, lakini aje na gitaa lake. Kwa siku tatu Solo alikula chakula akiwa amesimama. Mkewe, fundi cherehani, ambaye tangu mume astaafu alikuwa akimwona anahama kiti hadi kiti kama mgeni asiyejua akae wapi, alitoa pesa zake za kushona sare akaziongeza kwenye kiinua mgongo kilichobaki. Akazitia zote katika bahasha. Akasema wataenda dukani pamoja, maana mwanamume akishapenda kitu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Duka lilikuwa la vyombo vya muziki vya mitumba, chumba kimoja chenye spika zilizopangwa hadi darini. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoambiwa bahasha ina kiasi gani, alishusha magitaa mawili ya umeme, akasema zaidi ya hapo ni kutazama kwa macho tu. Moja jekundu, linang'aa, lingemaliza bahasha yote. La pili jeusi, limechubuka ubavuni mahali ambapo mkanda wa suruali ya mtu fulani ulilisugua kwa miaka, lakini lingebakiza pesa ya waya na nyuzi za akiba.

Solo alianza na jekundu. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, kisha vikakumbuka. Nyuzi nene zilimjibu vizuri, na mkewe, ambaye hakuwa amemwona akipiga tangu azaliwe mtoto wao wa pili, aliweka mkoba chini. Ndipo akapanda na uzi mwembamba, akaufuata hadi mwisho wa shingo, kule kwenye utamu wake wa zamani. Kule hakukuwa na kitu. Alisikia kucha yake ikigonga uzi, tik, tik, basi. Akafurahi, kwa sababu kasoro ni silaha ya mnunuzi. Alimwambia muuzaji kwamba uzi huu umekufa, na bei ishuke.

Muuzaji alilichukua, akalijaribu, akasema mbona linalia. Solo akamjibu kwamba yeye alianza kushika hiki kitu huyu muuzaji akiwa bado ananyonya. Yule bwana akacheka, akasema ng'ombe hazeeki maini, akafunga uzi mpya bila kinyongo. Solo akajaribu tena. Tik, tik. Alilirudisha jekundu kwa huruma, kama mtu anayekataa chai ya jirani.

Jeusi alilipenda kabla hajalipiga. Shingo yake ilikaa kiganjani kana kwamba haikuwahi kutoka. Akapiga nyuzi nene, akatabasamu, akaomba moyoni, akapanda. Tik, tik. Akaongeza sauti ya spika hadi nusu. Akaongeza hadi mwisho. Akainamisha kichwa vilevile alivyokuwa akiinamisha kwa msumeno, akaupiga uzi kwa nguvu, mara nne, mara tano.

"Na hili nalo bovu," alisema, akainua uso.

Mkewe alikuwa ametia vidole masikioni na kufumba macho. Muuzaji alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni. Ng'ambo ya barabara, fundi viatu alikuwa amesimamisha nyundo hewani, anatazama dukani kwa hasira. Solo aliweka kiganja juu ya nyuzi. Mkewe akafumbua macho, akatoa vidole. Fundi viatu akaendelea kugonga.

Hapo aliogopa, hofu ambayo msumeno haukuwahi kumpa. Alikumbuka ndege wa nyuma ya nyumba, ambao alidhani wamehama kwa sababu miti ilikatwa. Alimkumbuka mjukuu wake kwenye simu, na jinsi alivyolaumu mtandao kila mara.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe.

"Birika likipiga filimbi unapita kando yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba watoto? Ulikuwa umefurahi."

Muuzaji, mtu mwenye adabu zake, alianza kukunja waya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kuondoka mikono mitupu kungekuwa kukiri, na kununua kulikuwa kujidanganya, na Solo alisimama katikati ya hayo mawili na gitaa shingoni. Mwishowe alisema achague mama. Mkewe akasema yeye anajua vitambaa, gitaa atalichaguaje. Akajibiwa kwamba ana masikio.

Basi Solo alipiga, kwanza jekundu, kisha jeusi, uzi mwembamba mwanzo hadi mwisho, macho yake yakiwa usoni mwa mkewe. Kwa jekundu mkewe alikunja paji. Kwa jeusi uso ulilegea, midomo ikafunguka kidogo. Walinunua jeusi. Masalio ya bahasha yakatosha waya na nyuzi, kama walivyopanga.

Walikuwa hawajafika kituoni simu ilipolia. Mpiga besi alitaka kujua kama gitaa limepatikana. Solo alisema limepatikana, zuri sana. Akatazama barabara kidogo.

"Ila mnipange gitaa la ridhimu," alisema. "Solo apige mwingine. Mimi nitakaa nyuma huko, na nyuzi nene."

Mkewe alimsogelea ili amsaidie kusikia, kama alivyokuwa akifanya siku hizi bila yeye kugundua. Lakini mpiga besi alikuwa na sauti nzito tangu ujana wake, na sauti nzito Solo alizisikia zote, neno kwa neno.

"Wa ridhimu tunaye, kaka. Tuliyemkosa ni wewe."