Nilimpeleka mbuzi wa mke wangu kwenye maonesho, yeye akiwa Oman

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa huku Kinyangiri, Mkalama. Mke wangu, Mama Neema, yuko Oman mwaka wa pili sasa, kazi za ndani. Aliacha mbuzi wa maziwa mmoja mweupe anaitwa Sikujua. Alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa.

Kabla hajaondoka alikuwa na hamu moja tu: ampeleke Sikujua maonesho ya kilimo, Singida mjini. Safari ikaja kwanza.

Mwaka huu nikasema nampeleka mimi.

Nikakodi kirikuu, kale kapickup kadogo. Upepo wa Singida mnaujua, na ilikuwa asubuhi, so nikamfunika mbuzi na kitenge cha Mama Neema, kile alichokuwa anajifunga akienda kukamua. Huwa kinaning'inia mlangoni mwa banda. Sijawahi kukifua. Msiniulize kwa nini.

Tukafika fresh. Zamu yetu ikaja. Jaji ni mama mtu mzima, kavaa gamboti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mfugaji ni wewe?"

"Hapana, ni mke wangu. Yuko mbali."

"Haya, mtembeze tumuone."

Wakuu, mbuzi akagoma! Navuta kamba, kakita miguu. Nasukuma, analala chini. Watu wanacheka, simu zinarekodi.

Ndipo nikakumbuka Mama Neema hakuwahi kumvuta. Yeye alikuwa anatangulia tu, mbuzi nyuma.

Nikamvua kile kitenge, nikajifunga mimi kiunoni. Nikaachia kamba. Nikaanza kutembea bila kugeuka.

Jamaa mmoja akapiga kelele, "Mama Neema wa kiume huyo!" Ni jirani yangu, nilikuja naye.

Uwanja mzima kicheko. Halafu nikasikia pua ya Sikujua inagusa kitenge, kwato zinanifuata taratibu. Tukazunguka mzunguko mzima.

Wote walidhani jasho ndilo nililokuwa nafuta. Nawaambia ukweli, lilikuwa chozi. Mbuzi alikuwa anamfuata mtu ambaye hayupo, na mimi pia.

Tulipata nafasi ya pili. Jaji akauliza cheti kiandikwe jina gani, nikamtajia la mke wangu, yote matatu.

Nikampiga Sikujua picha na cheti chake, nikamtumia Mama Neema. Mimi nimeonekana pembeni tu, nusu uso.

Jioni ikaingia voice note. Nilitegemea vigelegele. Akasema hivi:

"Baba Neema, mbona umekonda hivyo?"

Basi. Cheti hakukigusia, wala mbuzi.

Muda wote huu namtumia habari za mahindi, za banda, za shule ya Neema. Sikuwahi kumwambia kwamba nimemmiss. Nilidhani nitamuumiza, kumbe na yeye alikuwa ananyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Nikampigia. Nikamwambia, "Sili vizuri kwa sababu hupo."

Nikasikia anavuta kamasi. Akasema, "Hatimaye umesema."

Nilichojifunza: mwenzako akiwa mbali, usimpe ripoti ya mifugo tu. Mpe na hali ya moyo wako, hata kama ni mwanaume na unaona aibu.

Wenye wenza ughaibuni, nyie mnaishije? Semeni nami, nasoma zote. Mkataba wake bado miezi saba.